Mwenye usonji naye hukua, huoa na hulea

Kila Aprili 2, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya kuelimisha watu kuhusu usonji, magazeti na runinga zetu hujaa picha za watoto. Anayezitazama mwaka baada ya mwaka ataamini kwamba usonji ni jambo la utotoni. Imani hiyo imezaa nyingine iliyo mbaya zaidi: kwamba hata akifika utu uzima, mwenye usonji hafai kuwa na familia, kwa kuwa mtu asiyesoma hisia za wenzake hawezi kulea. Husemwa waziwazi vikao vya posa vinapomjadili kijana mkimya asiyechangamka, na husemwa kwa mafumbo mama anapoonekana kutomchekea mwanawe mbele za watu. Imani hii si ya kweli, na inaumiza wazazi pamoja na watoto wao.

Chanzo chake kinajulikana. Daktari Leo Kanner wa Baltimore alielezea hali ya watoto 11 wenye usonji katika makala yake ya 1943, na kwa miongo mingi watafiti wakaendelea kuwatazama watoto tu, kana kwamba hawatakua. Walikua. Wa kwanza kati yao, Donald Triplett, alifanya kazi benki katika mji wake mdogo wa Mississippi, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi, akafariki 2023 akiwa na miaka 89. Kisha mwaka 1985, watafiti watatu wa London waliwapa watoto 20 wenye usonji jaribio la wanasesere wawili: mmoja anahamisha gololi wakati mwenzake hayupo, na mtoto anaulizwa mwenzake akirudi ataitafuta wapi. Watoto 16 walikosea. Tangu hapo jaribio hilo limebebeshwa hoja lisizoziweza. Lilipima uwezo wa kukisia anachodhani mwingine. Halikupima huruma, wala kama mtu ataamka usiku mwanawe akiwa na homa.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliuliza swali lililopaswa kuulizwa mapema: watu wawili wasipoelewana, kwa nini kosa liwe la mmoja daima? Jibu lilianza kuonekana 2020, watafiti wa Edinburgh walipowapanga watu wanane wanane wapashane hadithi, kila mmoja akimsimulia anayefuata. Safu za watu wenye usonji watupu ziliifikisha hadithi vizuri sawa na safu za watu wasio na usonji. Mambo mengi yalipotea katika safu zilizowachanganya. Basi anayedai kwamba mwenye usonji hajui kuwasiliana aeleze kwa nini anawasiliana vema na mwenye usonji mwenzake.

Kuhusu malezi yenyewe, utafiti wa Cambridge wa mwaka huohuo uliwauliza akina mama zaidi ya 350 wenye usonji na kuwalinganisha na wengine. Matokeo hayakupakwa rangi. Wengi zaidi walipatwa na sonona wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua, kazi nyingi kwa pamoja ziliwalemea, na waliogopa kuhukumiwa. Hata hivyo waliyatanguliza mahitaji ya watoto wao. Tusome vizuri kilichowaelemea: sehemu yake kubwa ni kutoeleweka na wahudumu wa afya, na upweke. Mambo hayo huletwa na wanaomzunguka mama, kisha huhesabiwa kuwa udhaifu wake.

Nitaambiwa kwamba wapo watu wazima wenye usonji wasiozungumza kabisa, wanaohitaji kuangaliwa maisha yao yote. Ni kweli, na makala inayowaficha watu hao ingekuwa ya uongo. Lakini hali zao hazitoi hukumu juu ya fundi, mhasibu au mwalimu mwenye usonji ambaye tayari analea. Isitoshe, ni nani kwetu anayelea peke yake? Mtoto hulelewa na bibi, shangazi, dada wa kazi na jirani, na hakuna anayesema mama yake ameshindwa. Msaada uleule anapoupata mzazi mwenye usonji, ghafla unageuka ushahidi dhidi yake. Sioni haki katika hilo.

Wengine huogopa urithi. Utafiti wa 2019 uliofuatilia watu milioni mbili katika nchi tano ulikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya sababu za usonji ni za kurithi, kwa hiyo mzazi mwenye usonji anaweza kweli kupata mtoto kama yeye. Lakini mtoto anayeziba masikio kwa spika za harusini atapata wapi mtu wa kumwelewa upesi kuliko kwa mzazi ambaye spika hizohizo humchoma? Mzazi huyo hatamchapa kwa kukataa chakula chenye kamasi kama bamia, wala hatamwita mkaidi. Atamtoa nje kwanza. Ila atayafanya hayo kwa uhuru akiwa ameacha kuificha hali yake mwenyewe, kwa sababu kuigiza uchangamfu mchana kutwa humchosha mtu hadi anarudi nyumbani hana nguvu za kuwapa watoto wake.

Haki ya kulea nayo ilishatambuliwa na sheria. Ibara ya 23 ya Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, inatambua haki ya kuoa na kuwa na watoto, inakataza mtoto kutenganishwa na mzazi kwa sababu ya ulemavu, na inazitaka serikali zimsaidie mzazi katika malezi. Msaada huo hauhitaji majengo mapya. Uanze kliniki ya wajawazito: maelekezo yaandikwe badala ya kusemwa harakaharaka, maswali yawe ya moja kwa moja, mama aelezwe kabla ya kuguswa. Na mtu mzima anayeshuku kwamba ana usonji apimwe, asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa hiyo ni hali ya watoto.