Mbwa Mzee Si Mvivu

Mbwa aliyelinda nyumba kwa miaka 10 akianza kuinuka kwa shida asubuhi, wenyewe husema: amezeeka, basi. Neno hilo "basi" silikubali. Mara nyingi mnyama huyo ana baridi yabisi: gegedu, yaani tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa kwenye viungo, limelika, na kila hatua humwuma. Naye halalamiki, huchechemea, hukwepa ngazi, pengine humng'ata mtoto aliyemgusa nyonga, kisha akapigwa kwa ukali ambao si wake.

Tiba ya kwanza haiuzwi dukani. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Waliopunguziwa robo ya chakula waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na baridi yabisi iliwachelewesha kuwapata. Basi mbwa mnene apunguziwe ugali, atandikiwe gunia juu ya saruji, atembezwe kidogo kidogo kila siku.

Vidonge vyetu vya maumivu asipewe kamwe: ibuprofeni humtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Daktari wa mifugo anazo dawa zimfaazo, naye humpima kwanza.