Mabasi ya Dar es Salaam ni Deni Letu Pia

Wako watu wasemao: nyinyi wakulima wa Mbulumbulu, mlimao ngano ukingoni mwa Bonde la Ufa, mabasi ya Dar es Salaam yawahusu nini? Twawajibu. Njia ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo haulipwi na watu wa Kimara peke yao. Hulipwa na kila anunuaye sukari, hata huku. Na mabasini mle wamo wana wetu walioshuka mjini kutafuta kazi.

Kampuni ya DMT, iliyoanzishwa mwaka 1949 chini ya ukoloni, ilitwaliwa na Serikali mwaka 1970. Mwaka 1974 ikazaliwa UDA. UDA ilipozidiwa, mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, ndizo daladala. Mwenye gari akapokea hesabu yake kila jioni, na mwanafunzi akasukumwa mlangoni. Asije mtu akatuambia soko huria halijajaribiwa!

Ndipo Mei 2016 yakaanza mabasi ya haraka, Kimara hadi Kivukoni. Mpango ulitaka mabasi 305, yakaanza 140. Mwaka 2018 mji ukapewa tuzo ya dunia ya usafiri, na mwaka huo huo mafuriko yakaingia katika karakana na kuharibu mabasi. Karakana ilijengwa wapi? Jangwani, bondeni, mahali ambapo kila mwenyeji wa mji ajua kuwa ni njia ya maji. Huku kwetu hata mkulima asiyejua kusoma hajengi ghala korongoni.

Hatupingi mabasi, ndugu. Sisi tuendao Karatu kwa pikipiki katika tope la masika twajua thamani ya gari lifikalo kwa saa yake. Tupingacho ni desturi ya kumwaga zege kwa fedha za umma, kukata utepe, kisha magari yenyewe yakawa shauri la baadaye. Hilo ni shamba lililolimwa lisipandwe.

Twataka idadi ya mabasi yatokayo kila asubuhi itangazwe hadharani. Twataka isijengwe tena karakana yoyote bondeni. Na mkataba wa kila mwendeshaji, wa umma au wa binafsi, uwekwe wazi, akishindwa aondolewe. Mbunge ajaye kutuomba kura tutamwuliza hayo kabla hajaketi.