Kiingereza cha Wiki Sita

Juma lililopita baba mmoja wa Runingu alitujia jioni, akaketi barazani, akanyamaza kitambo kama afanyavyo mtu mwenye shauri zito. Kisha akasema: "Mwalimu, kijana wangu ataka kwenda Kampala wakati wa likizo kuu. Asema iko nyumba wanamolala wanafunzi, wakafundishwa Kiingereza asubuhi na jioni, na baada ya wiki sita hurudi kwao wakikisema. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa. Je, nimuuze?"

Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayolipa karo ya binti yake aliye sekondari. Kwa hiyo shauri halikuwa la kijana peke yake.

Tena nyumbani kulikuwa na machozi. Kijana alikuwa ametamka neno "kambi", kwa kuwa ndivyo tangazo lilivyosema: kambi ya Kiingereza. Bibi yake aliposikia alishika kichwa. Kwa wazee wa bonde la Ruzizi neno hilo lina maana moja tu. Mwaka 1996, vita vilipozuka, watu wengi wa Uvira na Fizi walivuka ziwa mpaka Kigoma, wakawekwa Nyarugusu. Wako waliozaliwa huko wakaoa huko. Wengine walifika Nakivale, katika Uganda. Na Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, maelfu walikimbilia tena Burundi, wengine wamebeba godoro na sufuria tu. "Aende kambini kwa hiari yake?" bibi aliuliza. "Na tena alipe?"

Hatukumcheka. Bibi huyo, pasipo kujua, alikuwa amegusa kiini cha jambo. Watoto wa Kongo waliosoma Nakivale walifuata mafundisho ya Uganda, nayo hutolewa kwa Kiingereza, iliwabidi wakiseme. Huko Nyarugusu shule za Wakongo zilifuata mafundisho ya nyumbani kwa Kifaransa, na nje ya darasa kila mtu alisema Kiswahili au lugha ya kwao. Hivyo mtoto aliweza kukaa miaka mingi katika nchi ya kigeni bila kukipata Kiingereza. Basi kuvuka mpaka peke yake hakumpi mtu lugha. Lugha huingia pale mtu anapolazimika kuitumia ili aombe chumvi, aulize njia, au ajitetee anaposingiziwa.

Sisi wenyewe tulijifunza hayo kwa hasara. Tulipokuwa vijana tulipelekwa Bujumbura mwezi mzima, katika nyumba moja iliyosifiwa sana. Tulikuwa kumi na wanne, wote kutoka Uvira na Baraka. Asubuhi mwalimu alituandikia maneno ubaoni. Mchana, jioni na usiku kucha tulisimuliana kwa Kiswahili. Tulirudi tukijua utani wote wa Baraka. Kiingereza kilibaki ubaoni. Mama yetu, aliyekuwa ameuza magunia mawili ya mchele, alituomba tumsomee barua ya Kiingereza aliyoletewa jirani, nasi tukasingizia kuumwa na macho.

Hatusemi kwamba desturi hiyo ni mbaya. Katika Uingereza, miezi ya Julai na Agosti, miji kama Oxford na Brighton hujaa vijana wa Italia na Hispania waliokuja kwa kazi hiyo hiyo. Wengine hulala katika mabweni ya shule, wengine katika nyumba za wenyeji. Kwao ni majira ya joto, kwetu ni kiangazi. Tena wamisionari wamefanya vivyo hivyo ili wajifunze lugha yetu. Huko Makoko, karibu na Musoma, kando ya Ziwa Nyanza, mapadre wa Maryknoll waliweka shule ya Kiswahili, na wageni wa mataifa mengi wamekaa humo miezi kadhaa kabla ya kutumwa parokiani. Lakini angalieni yafuatayo baada ya Makoko: mgeni hupelekwa kijijini, akakosea mbele ya watu, akachekwa na watoto, akajaribu tena. Shule ilimfungulia mlango tu.

Yuko na mtu mmoja ambaye vijana wetu wa sekondari, waliolelewa katika Kifaransa, wangefaa kumjua. Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika ukoo wa Kipolandi. Alijua Kifaransa tangu utoto, lakini Kiingereza alianza kukipata alipokuwa na miaka ishirini hivi, kwa kufanya kazi pamoja na mabaharia Waingereza. Mwaka 1886 alipata hati ya unahodha, mwaka 1890 akaja kufanya kazi katika meli ya mto Kongo, na baadaye akaandika vitabu vyake kwa Kiingereza. Kuanza ukubwani si kosa, lakini yeye hakukipata kwa wiki sita.

Tulimwambia baba yule hivi: Kiingereza chafaa, wala kijana hakosei kukitamani. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kazi nyingi na karatasi nyingi zitapita katika lugha hiyo. Lakini kabla ya kumgusa ng'ombe, uulize. Nani analala katika nyumba hiyo usiku, na nani ashikaye ufunguo? Wanafunzi ni wa nchi gani? Wakiwa Wakongo watupu, abaki Runingu, atasema Kiswahili bila nauli. Mwezi wa Julai shule za Uganda huwa zingali na masomo. Je, hakuna shule au jamaa wa Kikristo atakayempokea kati ya Waganda? Na njia je? Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, ikawa wasafiri wa Bujumbura kwenda Kampala huzunguka Tanzania. Nauli hiyo haikuandikwa katika tangazo.

Kisha tukamwita kijana. Tulimwomba atueleze kwa Kiingereza mambo ya njiani tangu kwao mpaka kwetu. Alisimama wima, akakariri kwa ufasaha kwamba ng'ombe ni mnyama wa kufugwa mwenye miguu minne. Baba alitazama chini. Tulimpa kijana kazi: kila jioni nusu saa, wakati wa kuchota maji, aseme Kiingereza na mwenziwe juu ya kila akionacho, mpaka Pasaka, bila daftari. Akidumu, tutaongea juu ya Kampala, na pengine wiki sita hizo zitamfaa, maana atakuwa na kitu cha kukuza.

Jumapili baada ya Misa baba yule alitungoja chini ya mwembe. Ng'ombe angali zizini. Kijana anajitahidi, alisema, lakini kuna tatizo jipya: mwenzi aliyempata wa kusema naye ni dada yake yule mdogo, na kila aulizapo jambo, binti hujibu upesi kuliko yeye.

"Sasa, Mwalimu," alituuliza, "nikija kuuza, nimuuzie nani?"

Tulimwomba atupe juma moja tufikiri.