Matumaini ya Mgeni wa Mara ya Kwanza

Imekuwa desturi, katika miaka hii ambayo jamaa zetu wengi wamekwenda kufanya kazi Marekani, kwamba mwananchi aliyebahatika kupata viza na nauli haimalizi ziara yake kwa kuwaona ndugu zake tu. Watoto wamekwisha kusikia habari za Orlando, katika jimbo la Florida, wala hawatakubali kurudi Entebbe pasipo kuyaona majumba ya hadithi waliyoyatazama katika televisheni tangu walipojua kuketi. Hatuna nia ya kuwalaumu. Mzazi anayejinyima ili mtoto wake afurahi hana deni la kumweleza mtu yeyote. Tunalotaka kulisema leo ni kwamba likizo ya namna hiyo, kwa mgeni wa mara ya kwanza, hutengemaa au huharibika hapa nyumbani, kabla sanduku halijafungwa. Na kwamba wengi wetu twaiharibu kwa njia mbili zilizo kinyume kabisa.

Mwenzetu mmoja wa kazi, aliyeturuhusu kueleza yaliyompata mradi tusimtaje, aliweka akiba kwa miaka minne ili awapeleke mkewe na watoto watatu kwa dada yake anayeishi Atlanta. Kutoka huko walisafiri kwa gari la shangazi wa watoto, mwendo wa saa saba hivi, hata wakafika Orlando. Lilikuwa juma lililo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, kwa sababu shule zetu zilikuwa zimefungwa. Alikuwa na tikiti za siku moja, na mfukoni alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, yenye michezo kumi na saba, kila mmoja na saa yake, mithili ya amri ya mazoezi ya vita. Ilipofika saa nane mchana walikuwa wamepanda miwili. Kwenye mchezo wa tatu, ambao kijana wao wa mwisho mwenye umri wa miaka sita alikuwa ameahidiwa tangu Kampala, mtoto alipimwa kimo mlangoni akaonekana amepungua kwa upana wa vidole viwili. Akalia. Mama akabaki nje naye, baba akaingia na wakubwa kwa kuwa karatasi ilisema hivyo. Wangaliuliza wangaliambiwa kwamba wazazi huruhusiwa kupokezana, mmoja akitoka mwingine akaingia, bila ya kupanga foleni upya. Hawakuuliza. Jioni, garini, hapakuwa na aliyezungumza na mwenziwe. Shangazi alipomwuliza yule mdogo ni kitu gani kilichompendeza zaidi siku hiyo, alisema ni bata waliokuja kuokota makombo chini ya meza wakati wa chakula.

Katika habari hii hakuna kosa tunaloweza kumbebesha mwenye bustani. Kipimo cha kimo kimetangazwa waziwazi, na kimewekwa kwa ajili ya usalama. Mchezo uitwao Space Mountain, kwa mfano, haumpokei mtoto aliye chini ya sentimita 112, awe ametoka mtaa wa pili au Gulu. Utepe wa fundi cherehani ungalitosha kuyazuia machozi yale.

Tuseme kidogo juu ya ardhi yenyewe, maana hapo ndipo matumaini ya wengi hujikwaa. Mtu asikiapo neno bustani hufikiri juu ya uwanja wenye uzio, ambao waweza kuuzunguka asubuhi moja. Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, imekaa juu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 100. Mji wetu wa Kampala una 189. Ndani ya eneo hilo mna bustani kuu nne, wala si moja: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, ile ya mambo ya sinema ya 1989, na Animal Kingdom ya 1998. Mwenye gari akiegesha kwa ajili ya Magic Kingdom huwaambia watoto kwamba wamefika. Kumbe lango liko ng'ambo ya ziwa lililochimbwa kwa mikono ya watu, na bado hana budi kuvuka kwa mashua au kupanda treni ya reli moja. Huko EPCOT, kulizunguka ziwa lenye mabanda ya mataifa kumi na moja ni mwendo wa karibu kilomita mbili, na hapo hujapanda chombo chochote. Miguu huchoka kabla ya macho.

Majira nayo yana hukumu yake. Juma la Krismasi ni miongoni mwa majuma yenye msongamano mkubwa kuliko yote, na hilo ndilo sisi hulichagua. Miezi ya Juni hadi Septemba, joto la Florida lina unyevu kama wa pwani, na alasiri mara nyingi huja na mvua ya radi. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa. Mwenye nafasi ya kuondoka mwishoni mwa Januari, au katika Septemba baada ya watoto wa Kimarekani kurudi shuleni, atakuta nafasi ya kupumua. Twajua kwamba kalenda ya shule zetu haimruhusu kila mtu. Lakini asiyeweza kuubadili wakati aweza kuyabadili matumaini yake, na asiende na karatasi ya michezo kumi na saba.

Mipango huwashinda hata wenye mali. Walt Disney alipofungua bustani yake ya kwanza kule Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, tikiti za kughushi zilikuwa zimesambaa na watu wapatao 28,000 wakajaa mahali palipoandaliwa kwa wachache zaidi. Joto lilifika nyuzi 38 hivi. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, hata ikabidi kuchagua baina ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Lami ilikuwa changa bado, nayo ikavishika visigino vya viatu vya akina mama. Ikiwa mtu aliyeijenga bustani kwa fedha nyingi na kuyafahamu kila pembe aliweza kushtukizwa namna hiyo, sembuse baba wa watu watano atokaye ugenini?

Baada ya hapo wenye bustani walijifunza sana, hasa juu ya foleni. Mwaka 1985 David Maister, mtaalamu wa mambo ya uendeshaji wa biashara, aliandika makala juu ya saikolojia ya watu wanaosubiri. Hoja yake ya msingi ni hesabu ya kutoa: ridhaa ya mtu ni kile alichokiona, ukiondoa kile alichokitarajia. Alieleza pia kwamba kusubiri bila ya jambo la kufanya huonekana kurefu, na kusubiri bila ya kujua mwisho wake huonekana kurefu zaidi. Ndiyo sababu foleni za huko zimepambwa, zina vivuli na vitu vya kutazama, na mlangoni huandikwa dakika za kusubiri. Upande mmoja wa hesabu ile wameushughulikia wao. Upande wa pili, yaani matarajio, uko mikononi mwetu, nao ndio tunaouacha ukue kama magugu.

Hapa pana jambo ambalo hatulipendi, na twalisema. Mwaka 1999 bustani hizo zilianzisha utaratibu wa kumpa mgeni kijikaratasi cha kurudi saa fulani bila ya kupanga foleni ndefu, na hakulipa kitu. Tangu Oktoba 2021 nafasi kama hiyo huuzwa kwa njia ya programu ya simu. Katika utaratibu ulioanza Julai 2024, wageni wa hoteli za bustani huweza kujichagulia saa zao siku saba kabla, na wengine siku tatu kabla. Maana yake ni kwamba mgeni asiyejua hufika asubuhi na kuona saa nzuri zimekwisha gawanywa. Hatusemi kwamba ni dhuluma. Biashara ni biashara. Ila mpango, ambao zamani ulikuwa busara ya msafiri, sasa umefanywa bidhaa, na bidhaa hiyo hushamiri kwa hofu ya kukosa. Baba hushinda siku nzima akiitazama simu, huku mwanawe akimvuta mkono amwonyeshe kitu.

Kwa hiyo twakataa njia zote mbili. Kuna wanaosema, twendeni tu, tutaona huko huko. Hao hupoteza nusu ya siku katika kuulizana. Na kuna wenzao walioandika kila dakika. Hao, mtoto akitaka kusimama aitazame ngoma inayopita, humkokota kwa sababu wamechelewa kwenda kufurahi. Katika chuo cha maofisa tulifunzwa kuyatenga mambo yasiyoweza kurekebishwa uwanjani na yale yanayoweza. Tarehe ya safari haiwezi kurekebishwa ukishafika, wala kimo cha mtoto, wala idadi ya siku ulizolipia, wala viatu vipya vinavyobana. Hayo yapangwe kwa ukali wote. Mengineyo, isipokuwa mambo mawili au matatu ambayo watoto wenyewe wameyataja kwa vinywa vyao, yaachwe yatokee. Nasi twasisitiza vinywa vyao, kwa maana mara nyingi likizo hiyo hupangwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa ndani ya baba miaka thelathini iliyopita.

Sisi tusemao Kiswahili tuna tumaini letu la pekee tuingiapo Animal Kingdom. Mna kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji ya mwambao wetu, Lamu hasa. Kuta zimepasuliwa nyufa kwa makusudi ili zionekane kuukuu, mibuyu ni ya saruji, maandishi ya Kiswahili yako kila upande, na ukutani pameandikwa Uhuru 1961. Mwafrika Mashariki afikapo hapo mara ya kwanza aghalabu hufanya moja kati ya mawili: hucheka, au hukasirika kwamba nchi yake imefanywa mchezo. Ushauri wetu ni kwamba asiende kusahihisha. Nchi ile haimo katika ramani yoyote, na waliojenga hawakusema kwamba imo. Akitaka kushangaa na ashangae kwamba lugha yake imechongwa ukutani upande wa pili wa dunia, kisha awasomee watoto wa shangazi, waliozaliwa Marekani, yale maandishi kwa sauti.

Hata hivyo kijiji hicho chatuhusu kwa njia nyingine. Kutoka hapo mgeni hupanda gari la wazi na kutembezwa kwa muda wa dakika ishirini hivi. Wanyama ni wa kweli, mahandaki yanayowatenga yamefichwa, na takriban kila mara humwona tembo na twiga. Mmarekani aliyeonja safari hiyo akija Ishasha, huko Queen Elizabeth, huwatarajia simba wawe wamekwisha panda mitini kumngojea. Akienda Bwindi, ambako kundi moja la sokwe hutembelewa na watu wanane kwa saa moja tu, hushangaa kuambiwa kwamba aweza kutembea saa nyingi katika utelezi kabla ya saa hiyo kuanza. Wasipoonekana simba, lawama humwangukia kiongozi wa safari, kijana wa Kasese ambaye hakuahidi kitu. Tunaowacheka wageni hao kwa kutokujua tufahamu kwamba ndivyo sisi tuonekanavyo kule Orlando, tukisimama katika uwanja wa magari na kuuliza ngome iko wapi.

Wenye makampuni ya utalii hapa nchini, na wanaouza tikiti za ndege kwa familia, wana wajibu katika jambo hili. Picha wanazozitoa ni zile zile za ngome na nyuso zinazocheka, lakini hakuna karatasi inayomwambia mzazi apime kimo cha mtoto, achague siku mbili badala ya moja, au asiende kabisa ikiwa ana siku moja katika juma la Krismasi. Karatasi hiyo ingechapishwa kwa gharama ndogo. Twaamini ingeokoa akiba ya watu wengi.

Mwenzetu tuliyemtaja ameanza kuweka akiba tena, ijapokuwa polepole, kwa sababu ada za shule hazingojei. Karatasi ya michezo kumi na saba ameichana. Kijana wake sasa amevuka sentimita 112 na zaidi, naye amekwisha kumwambia baba yake kwamba akifika huko ataanza kwenye bata.