Durban: Kidimbwi kilichokauka si kiwanja

Mwaka 2015 Afrika Kusini ilipata wastani wa milimita 403 tu za mvua, kiwango cha chini kabisa tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1904. Kaskazini mwa Durban, wakazi wanaotegemea bwawa la Hazelmere walipata maji kwa mgao.

Mjadala wa wakati ule ulihusu mabomba, miwa na mifugo. Wachache mno walivitazama vinamasi vidogo vilivyosalia kati ya vitongoji, ambamo huishi kobe wa maji baridi, ambao si kasa wa baharini wanaowavutia watalii.

Ukame wenyewe si mgeni kwa kobe hawa. Kidimbwi kikikauka, kobe wa jamii ya Pelomedusa hujifukia ardhini na kungoja mvua, pengine kwa miezi kadhaa, au hufunga safari kwa miguu kutafuta maji kwingine. Hata watoto wao, baada ya kuanguliwa, huweza kusubiri mvua ilainishe udongo ndipo watoke.

Lakini ili kusubiri, kobe anahitaji tope ambalo halitachimbuliwa. Na ili kuhama, anahitaji njia. Mjini Durban, pembezoni mwa kinamasi kuna ukuta, ghala, mfereji wa shamba la miwa au lami. Ukame ambao zamani ungepunguza kobe kwa msimu mmoja, leo waweza kuwamaliza kabisa katika kidimbwi kilichotengwa, kwani hakuna wengine watakaofika kuziba pengo.

Manispaa ya eThekwini ina mtandao wa maeneo ya wazi, maarufu kama D'MOSS, uliokusudiwa kuunganisha makazi ya viumbe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mali ya watu binafsi, na katika mwaka wa kiangazi kinamasi kikavu humwonekea mwenye mali kuwa kiwanja kitupu. Mvua ikirejea huwa kimekwisha kujazwa kifusi. Mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 jimboni KwaZulu-Natal, yalionyesha kwamba maji hudai nafasi yake.

Sheria ya Maji ya mwaka 1998 haikuacha mwanya hapa: hukitambua kinamasi, pamoja na mambo mengine, kwa mimea ya udongo uliojaa maji ambayo kwa kawaida ingeota hapo, hata kama siku ya ukaguzi hakuna tone la maji. Kinachobaki ni mkaguzi kufika kabla ya tingatinga.