Kishindo cha Kizibo

Imekuwa desturi katika harusi za Tanzania, tangu Dar es Salaam hata Bukoba, kwamba karamu haihesabiwi kuwa imenoga mpaka chupa ya shampeni imetikiswa, kizibo kimelia kama bunduki, na povu limemwagika sakafuni. Mtu huteuliwa kwa kazi hiyo. Hucheza na chupa mkononi mbele ya maharusi, na kadiri anavyoitikisa ndivyo anavyoshangiliwa. Desturi hii haikukaa mijini. Imefuata barabara mpaka vijijini, na nchi ya Ngara na Biharamulo, Nemba ikiwamo, haina kinga nayo. Huitwa ustaarabu. Jina hilo imelivaa kwa wizi.

Kwanza, kutikisa chupa hakukutoka mezani. Mwaka 1967 Dan Gurney, dereva Mmarekani, alishinda mashindano ya magari ya saa 24 huko Le Mans, Ufaransa, akapewa chupa, akaitikisa na kuwarushia povu waliosimama karibu. Alikuwa uwanjani, mchovu na mwenye furaha, wala hapakuwa na kitambaa cha meza mbele yake. Mchezo huo wa madereva ndio uliovikwa kanzu ya adabu ukaingizwa ukumbini. Jina lenyewe pia limeazimwa bila ruhusa, kwani shampeni halisi ni mvinyo wa wilaya ya Champagne peke yake, na chupa nyingi za harusini hazikupata kuiona wilaya hiyo. Nyingine ni maji ya zabibu yaliyotiwa hewa, yasiyolevya hata kidogo; na hilo si aibu, maana wageni wengi hawanywi.

Aibu iko katika ujinga wa kitu kinachoshikwa. Ndani ya chupa ya shampeni hewa ya ukaa husukuma kwa nguvu ipatayo mara tatu ya ile ya tairi la gari dogo. Kizibo kikiachiwa huweza kuruka kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, na jicho la mwanadamu halina ngao ya kukizuia. Joto na mtikiso huzidisha hatari. Basi fikiri chupa iliyosafirishwa katika buti la gari kwa njia ya vumbi na mashimo, ikawekwa juani mchana kutwa, kisha ikatikiswa mbele ya bibi harusi na watoto waliokaa chini.

Ajuaye kazi hufanya kinyume. Huiacha chupa itulie tangu jana yake, na huipoza. Pasipo barafu, kitambaa kibichi na kivuli chenye upepo husaidia kuliko jua. Huilaza upande kiasi, mdomo ukielekea pasipo mtu. Hulegeza waya, ambao kwa kawaida huzungushwa nusu duara mara sita, na kidole gumba hakiondoki juu ya kizibo tangu hapo. Hushika kizibo kisizunguke, akazungusha chupa kwa kuishika chini. Kizibo hutoka kwa pumzi ndogo, kama mtu ashushaye mzigo. Humimina kidogo katika kila bilauri, hungoja povu lishuke, ndipo huongeza, wala haijazi. Na kabla ya wote, mwenye karamu hupewa tone la kuonja.

Hapo ndipo mtu wa Nemba angepaswa kucheka. Kuonja kwanza ni jambo la kwao! Katika nchi za ndizi za Kagera, na ng'ambo ya mpaka Burundi na Rwanda, mwenye kutoa pombe ya ndizi huionja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue kwamba kibuyu hakina ubaya. Rubisi nayo ina povu lake: ndizi zilizoiva hukamuliwa, maji yake hutiwa mtama uliosagwa, na hewa ile ile ya ukaa huchemka humo. Lakini hakuna aliyefikiri kuitikisa. Kibuyu hupokewa kwa heshima, mrija hupitishwa kwa utaratibu, na mkubwa hutangulizwa. Wahaya wa Bukoba walimwagia wahenga pombe hiyo, na umwagaji huo ulikuwa ni sadaka. Haukufanywa ili watu wapigwe picha.

Wapo wajibuo kwamba kimya ni tabia ya Wazungu, na Mwafrika hufurahi kwa sauti. Neno hili lina ladha ya uzalendo, lakini halina chakula ndani yake. Sauti ya furaha ipo: vigelegele vipo, ngoma zipo, na wala hazigharimu fedha za kununulia chupa inayonyweshwa sakafu. Tena, anayejitetea kwa Uafrika huku ameshika chupa ya kigeni na kuigiza dereva wa Marekani, amejitetea kwa nguo ya mtu.

Kamati za harusi, ambazo hubishana usiku kucha juu ya rangi za vitambaa, zingeweza kumaliza shauri hili kwa nusu saa. Ikiwa chupa lazima iwepo, afunguaye na afundishwe siku moja kabla, kwa chupa ya mazoezi. Tone la kwanza apewe baba mwenye karamu, naye aonje mbele ya wakwe, kama babu yake alivyoonja rubisi. Na aliyezoea kucheza na chupa aitwe baadaye, kucheza mikono mitupu.