Tusiuze Mizizi Tukanunua Elimu Yake

Wananchi wa Bariadi wanaijua ngitili. Ni eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma tangu zama za mababu hulifunga wakati wa masika ili liwafae kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa huo, uliufufua utaratibu huu, na ardhi iliyokuwa uchi ikaota miti tena. Katika miti hiyo wananchi hupata kuni, asali na dawa.

Dawa hizo hazizuki zenyewe katika jani au mzizi. Hujengwa na vimeng'enya vya mmea. Kila kimeng'enya hupokea kitu kutoka kwa mwenzake, hukibadili kidogo, kisha hukikabidhi kwa kinachofuata, mithili ya wafanyakazi kiwandani. Maagizo ya kuviunda vimeng'enya yamo katika jeni za mmea.

Siku hizi maagizo hayo yanaweza kuhamishwa. Mwaka 2006 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Jay Keasling, walitangaza kwamba wametia katika hamira jeni za Artemisia annua, mmea utoao artemisinini. Hamira hiyo ilikula sukari ikatoa asidi ambayo wakemia huigeuza kuwa artemisinini. Ilipofika mwaka 2013 lita moja ilitoa gramu 25 za asidi hiyo, na kampuni ya Sanofi ikaanza uzalishaji mkubwa nchini Italia.

Hatuipingi hamira. Artemisinini ni msingi wa dawa ya mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia dhidi ya malaria mwaka 2006, na mtoto mgonjwa haulizi kama dawa yake imetoka shambani au kiwandani. Lakini mmea huo hulimwa pia na wakulima wa Afrika Mashariki. Safari ile hamira haikushinda, kwa kuwa artemisinini ya shambani ilishuka bei mno, na Sanofi wakakiuza kiwanda. Hata hivyo, bei hiyo hiyo ilimwumiza mkulima. Tusisahau mkonge: mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000, kisha nyuzi za viwandani zikaupiku.

Hatuna budi kujiandaa. Taasisi ya Dawa Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, ipewe uwezo wa kuchunguza mimea ya ngitili na jeni zake hapa hapa nchini. Mganga na kijiji chake wawe na mkataba kabla ya mzizi wowote kwenda maabara ya nje. Vijana wa Simiyu nao wafundishwe kazi hii ya hamira. Wenzao wa Maswa walipothubutu kutengeneza chaki, chaki ilipatikana.

Mwenye mti asiye na elimu yake ni mlinzi tu wa ghala la mwingine. Kazi ianze sasa, miti ikiwa imesimama na wazee wanaoijua wakiwa hai.